Punguza

Mume wangu alianguka sokoni akiwa anabishania bei, na muuza samaki akacheka.

Simlaumu. Tangu tuhamie Lamu kutoka Mombasa, miaka kumi na mitano sasa, mume wangu alikuwa na mchezo wake pale kwenye meza za samaki. Akitajiwa bei ya tafi, samaki anayempenda kuliko wote na, siku nyingine, kuliko mimi, hushika kifua, huyumba, huegemea nguzo, na kwa sauti ya mtu anayewaaga wanawe husema, "Punguza." Watu husimama kutazama. Muuzaji naye alikuwa na sehemu yake katika mchezo: ataapa kwamba nyumbani kwake hakujapikwa tangu jana, atamfunga samaki, atamfungua, atamfunga tena. Mwishowe bei ilishuka kidogo, kila mmoja akajiona mshindi, na mume wangu akarudi nyumbani na tafi wake akinisimulia vita vyote hatua kwa hatua, kana kwamba sikuvisikia juzi.

Basi asubuhi ile aliposhika kichwa badala ya kifua, akayumba, akasema "Punguza" na kuteleza taratibu hadi chini penye maji ya barafu, muuzaji alimwambia, "Haya Fundi, leo umenishinda, nimepunguza. Inuka uchukue samaki wako." Alimwambia hivyo mara mbili. Alipoinama kumwambia mara ya tatu ndipo alipoona mdomo umekwenda upande.

Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani nasahihisha kitabu cha shule ya msingi, kazi inayonilipia kodi. Nilikuwa kwenye sura ya mazungumzo ya sokoni, ambamo mnunuzi anasema, "Tafadhali nipunguzie bei," na muuzaji anajibu, "Bila shaka, mteja wangu." Nilikuwa nimeandika pembeni: mazungumzo haya hayana uhai. Ndipo waliponijia kuniambia kwamba mume wangu amepakiwa kwenye mkokoteni anapelekwa hospitali.

Kilikuwa kiharusi. Presha alikuwa nayo, vidonge alikuwa navyo, ila alikuwa ameviacha kimyakimya kwa sababu, kama nilivyokuja kukumbuka, viliukausha mdomo wake, na mdomo ndio uliokuwa chombo chake cha kazi. Kwa cheo ni fundi wa friji na mashine za barafu. Ameshapanda boti kwenda Kizingitini, kisiwani Pate, mara zisizo na idadi, kwa sababu wafanyabiashara wa kamba wa baharini kule hawawezi kukaa siku moja bila barafu. Lakini ukiwauliza watu wa huko watakwambia friji ilikuwa kisingizio tu. Alikwenda kuongea.

Kutoka Lamu alihamishiwa Mombasa, tukakaa huko wiki tatu. Mguu wa kulia ulirudi kwa kiasi, mkono ukasitasita. Maneno yalikataa. Palikuwa na binti mmoja pale hospitali, mtaalamu wa kuwarudisha watu kwenye kusema, mwenye subira iliyonitia aibu. Alinieleza kwamba maneno ya mume wangu hayajafutika, ila njia ya kuyafikia imeharibika. Wakati mwingine, akasema, neno moja hukwama mlangoni, na kila mgonjwa anapotaka kusema lolote ndilo linalotoka. Akanionya nisilitafutie maana.

Neno lililokwama mlangoni kwa mume wangu lilikuwa "punguza." Akitaka maji, punguza. Akitaka kugeuzwa, punguza. Muuguzi alipomwuliza jina lake alimtazama machoni, akakusanya nguvu zake zote na kumjibu, kwa lafudhi safi kabisa ya sokoni, "Punguza."

Binti yule aliniambia jambo la pili. Vitu ambavyo mtu amevikariri tangu utotoni, nyimbo, kuhesabu, sala, hukaa mahali pengine, na huweza kutoka vyote kwa mpigo. Sikumwamini hadi padre alipopita wodini na kuanza Baba Yetu. Mume wangu aliidaka kutoka neno la kwanza na kuifikisha hadi amina bila kujikwaa, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kunigombeza kwa kuacha mlango wa friji wazi. Nililia machozi ya furaha. Nikapangusa uso, nikamwuliza, "Unataka chai?"

"Punguza."

Lazima niseme nilichokuwa nakitaka, maana ndicho chanzo cha upuuzi wote uliofuata. Nilitaka aniite Profesa. Mimi si profesa. Nina shahada ya pili ya fasihi ambayo haijamsaidia mtu yeyote, pamoja na nusu ya tasnifu ya udaktari iliyoliwa na mchwa Mombasa. Jina lilianza kama dhihaka mwaka wa kwanza wa ndoa, niliposhindwa kuwasha jiko la mafuta ya taa. Likabaki. "Profesa, chumvi." "Profesa amelala na miwani tena." Sikuwahi kujua kwamba nalipenda. Nilijua wodini, kwa kulikosa, na nikaanza kumtaka Mungu anirudishie.

Ombi la kwanza nililitoa kwenye ujia wa hospitali, nimeketi kwenye kiti cha plastiki. Bwana, mrudishie maneno, nami naacha kahawa. Aliyewahi kukaa Lamu atajua uzito wa ahadi hiyo. Kahawa tungu ya kule, yaani chungu, iliyotiwa tangawizi, ndiyo inayonifanya niwe binadamu hadi saa sita mchana. Nilidhani Mungu atashtuka kwa ukarimu wangu.

Siku tatu zikapita. Nikaona labda nimetoa kidogo, nikaongeza safu yangu ya gazetini. Kila wiki kwa miaka tisa nilikuwa nimeandika safu ambayo kazi yake hasa ilikuwa kuwakejeli watu, na nikahisi kwamba ulimi wangu uliotumika vibaya unaweza kubadilishwa kwa ulimi wa mume wangu. Nikamwandikia mhariri kwamba naacha kuandika. Alijibu kwamba amesikitika na kwamba ameniombea, kwa haraka iliyoniumiza kidogo.

Baada ya hapo sikujizuia tena. Nilianza kuweka masharti kama wakili. Nilimfafanulia Mungu kwamba sitaki maneno tu kwa jumla, maana anaweza kumpa "hodi" na "kuku" kisha akaniambia tumemalizana. Nataka neno Profesa, kwa sauti yake, kwa hiari yake. Nikampa Mungu hadi Pasaka. Nilifunga Jumatano. Nilimsamehe wifi yangu, lakini kwa masharti ya kwamba msamaha huo unaweza kubatilishwa.

La kuchekesha ni kwamba miaka michache nyuma, katika safu hiyo hiyo, nilikuwa nimeandika dhidi ya Wakristo wanaopatana bei na Mungu. Niliwaita wachuuzi wa madhabahuni. Niliandika, kwa mbwembwe zote za mtu aliyesoma chuo kikuu na ambaye mumewe alikuwa mzima akipiga soga sebuleni, kwamba sala si soko. Nilipongezwa. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba nimembariki.

Tuliporudi Lamu nilidhani nitapata utulivu. Nikaipata jumuiya.

Wakristo wa mjini hapa si wengi: wauguzi, walimu, askari, makarani, wengi wao watu wa bara waliohamishwa kikazi na kuhesabu miezi ya kuondoka. Alhamisi alasiri jumuiya yetu ndogo ilipanda ngazi zetu, watu tisa, wakaketi kuzunguka kiti cha mume wangu. Mwenyekiti, mke wa askari, ni mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na sauti ya boti ya injini mbili. Kabla hatujafungua kitabu cha nyimbo alinigeukia.

"Dada yangu, Mungu hafikiwi mikono mitupu. Umemwahidi nini?"

Nikamwambia nimeacha kahawa. Alinitazama kama mtu aliyeleta nyanya moja harusini.

"Kahawa tu?"

Nikataja safu. Hakuwa ameisoma. Basi akawageukia wengine na kuanzisha kitu ambacho siwezi kukiita vingine ila harambee ya nadhiri. Kila mmoja aseme anaacha nini ili Fundi apone. Mwalimu mmoja aliacha soda. Karani aliacha kutazama tamthilia ya jioni, akasita, akasema ataiacha siku za kazi. Mama mmoja aliahidi kutogombana na mkwe wake hadi Desemba, na mwenyekiti akamwuliza kwa nini Desemba, naye akasema Desemba mkwe anakuja kukaa.

Kisha tukasali. Mwenyekiti alianza chini, akapanda, akapanda zaidi, akimkumbusha Mungu kwa orodha kila kilichotolewa chumbani mle, soda, tamthilia, kahawa. Kutoka kitini mume wangu akasema, "Punguza."

Mwenyekiti akalichukua kama upinzani wa yule mwovu, akaongeza sauti.

"Punguza," akasema mume wangu. "Punguza, punguza."

Muuguzi mmoja aliyekuwa karibu naye akasema polepole, "Nafikiri anasema sauti."

"Ni Roho," akajibu mwenyekiti bila kufungua macho. "Anatwambia tupunguze dhambi."

Nilicheka. Lilinitoka tu, cheko la kwanza tangu siku ile ya soko. Nilijifanya nakohoa. Walipoondoka nilimpa Mungu Ijumaa nzima ya kufunga kufidia cheko lile, maana niliona bei inaweza kupanda.

Tunaishi orofani. Chini yetu anaishi mwenye nyumba, bibi wa Kiamu wa miaka sabini na kitu, Mwislamu kama majirani zetu karibu wote. Sitaki mtu adhani namleta hapa ili aseme la hekima. Ni mbishi, mdadisi, husikiliza kila kitu kupitia dari, na kodi ikichelewa hugonga ngazi kwa fimbo. Lakini tangu mume wangu arudi alikuwa akiniita kila asubuhi uani kwake na kunimiminia kahawa, na kila asubuhi nilikuwa nikishika finjani mkononi hadi ipoe, kisha namrudishia. Siku ya nane au ya tisa alichoka.

"Mbona hunwi kahawa yangu? Nimekukosea nini?"

Nikamweleza. Nilitumia neno nadhiri, kwa kuwa ni letu sote, na nilitarajia ataniheshimu kwa hilo. Akaweka buli chini.

"Mngu ndiye alokwambia ataka kahawa yako?"

Nikasema si hivyo, Bi, ni sadaka, ni kujinyima. Akasema babake alikuwa akisomesha chuoni, yaani madrasa, na aliwakataza wanafunzi wake kupenda nadhiri. Aliwafunza kwamba nadhiri haileti yambo wala haizuii yambo. Kazi yake ni kumtoa bakhili kile ambacho asingekitoa. "Sasa wewe," akasema, "usiponwa wewe, Mngu huinwa kahawa hiyo huko juu, ndipo ampe mumeo nafuu?"

Hakuna kinachonikera kama mtu kunishinda kwa hoja ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuichapisha. Nikamwuliza kama yeye hajawahi kuweka nadhiri maishani mwake. Akatazama pembeni. Kwenye kona ya ua palikuwa na mbuzi aliyenenepa akitafuna karatasi.

"Yule," akasema.

"Yule nini, Bi?"

"Mwanangu akirudi kutoka Arabuni, nimchinje."

"Amekwenda lini?"

Akafuta finjani kwa pembe ya leso. "Mbuzi huyu ni wa pili," akasema. "Wa kwanza alikufa kwa uzee."

Nilipanda ngazi nikiwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Kahawa niliinywa siku kama kumi baadaye, na sikuinywa kwa ushujaa. Umeme ulikuwa umekatika nyumba nzima, tumesimama uani tunabishana kama ni sisi au mtaa mzima, yeye akanitia finjani mkononi huku akizungumza, nami nikainywa huku nikizungumza. Akajaza tena. Nilikuwa nimeshusha ya tatu ndipo ulimi wangu uliponiambia nimefanya nini. Na hapo hapo, juu ya vichwa vyetu, tukasikia kishindo.

Alikuwa amejikwaa kwenye kizingiti cha bafu. Nilimkuta sakafuni, ameketi, amepasuka juu ya nyusi, damu inashuka hadi kidevuni. Jeraha halikuwa kubwa. Alishonwa nyuzi nne zahanati, mtabibu akatutania, tukarudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini mimi nilipopiga magoti pale bafuni na kumkandamiza taulo usoni sikuwa nafikiria jeraha. Nilikuwa nafikiria finjani ya tatu. Nilikuwa na hakika, hakika ya mwili mzima, kwamba Mungu ameniona uani na amekuja kuchukua chake.

Nikaanza kusema kwa sauti. Niliomba radhi, nikasema sikukusudia, nikasema nilikuwa nazungumza mambo ya umeme. Nikasema naacha na chai. Naacha sukari. Rozari nzima kila siku, hapana, mbili. Sitaandika tena kitu chochote, hata barua. Nikamtolea Mungu vitu ambavyo sikuwa navyo, nikamtolea macho yangu, nikamtolea miaka yangu ya uzeeni achague anayotaka.

Mume wangu akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima.

"Punguza," akasema.

"Siwezi," nikamwambia. "Nikipunguza hutasema tena."

Akatikisa kichwa. Uso wake wote ulikuwa damu na uchovu, na chini ya uchovu ule niliona kitu ninachokijua vizuri: alikuwa amechoshwa na mimi. "Punguza," akasema tena, polepole, kama anavyosema na mteja mzito wa kuelewa.

Naweza kuandika hapa kwamba Mungu alisema nami kupitia kinywa cha mgonjwa. Mwenyekiti wa jumuiya angefurahi. Lakini binti wa Mombasa alinionya nisilitafutie maana neno lile, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeikandamiza taulo ile kwa nguvu mno. Yumkini alitaka hilo tu, nipunguze mkono. Nikapunguza mkono. Na kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza ili nimsikie, nikajisikia pia mwenyewe, maneno yote yale yakiwa bado yananing'inia bafuni kama nguo zilizofuliwa, nikapandwa na hasira ambayo sikuwahi kuihisi kanisani.

Ni Mungu gani huyu niliyekuwa nikipatana naye wiki zote hizi? Ni wa namna gani, anayempiga mtu wa nusu mwili kichwani, orofani, kwa kuwa mkewe amekunywa kahawa chini? Hata muuza samaki, alipoona mdomo umekwenda upande, alisahau bei. Aliacha meza yake wazi, akamwinua mume wangu mwenyewe, akamfuata hadi hospitali na magamba mikononi. Mimi, mwenye shahada mbili na ubatizo wa utotoni, nilikuwa nimejitungia Mungu asiyefika hata nusu ya muuza samaki, kisha nikamwomba huyo rehema.

Tuliporudi kutoka zahanati nilimlaza, nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa na kitu cha kutoa. Nilikuwa nimeshatoa hadi macho. Nikasema naogopa. Nikasema naogopa atakufa, na nisipoogopa hilo naogopa ataishi hivi hivi, na nyumba itakuwa kimya hadi mwisho. Nikasema nimemkasirikia kwa vile vidonge. Nikasema nimekukasirikia na wewe, Bwana. Ilikuwa sala mbovu, haikuwa na mwanzo wala amina. Sikupata amani yoyote moyoni, wala jibu. Nilichogundua ni kwamba katika wiki zote zile za kahawa na Jumatano na wifi sikuwa nimewahi kuyasema haya. Nilikuwa nikimtajia Mungu bei ili nisilazimike kumwambia naogopa.

Hapa wasomaji wa vitabu vya dini husubiri muujiza, nami ningependa kuwaomba radhi. Pasaka ilikuja ikapita. Kahawa nilirudia kuinywa, na finjani ya kwanza niliinywa huku nikisikiliza dari. Nilimwandikia mhariri, akanijibu kwamba nafasi yangu amepewa mtu anayeandika juu ya kilimo cha mboga kwenye magunia, na wasomaji wamempenda. Wifi yangu nilimwacha amesamehewa, kwa uvivu zaidi kuliko kwa utakatifu. Mwenyekiti nilimwomba, kwa heshima zote, kwamba Alhamisi waje wasali kwa sauti ya ndani ya nyumba na wasitaje soda. Alinuna wiki mbili, akaja na sufuria ya pilau.

Ila nilibaki na tatizo la ajabu: nikiondoa ahadi, sikuwa najua kusali. Nilikuwa nafungua kinywa, "Bwana, ukinipa," na kusimama hapo. Nilikuwa kama mume wangu, neno moja limekwama mlangoni. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo zamani nililidharau, nikaanza kusali sala ya kukariri. Kila asubuhi baada ya chai niliketi mkabala naye tukasema Baba Yetu pamoja, kwa kuwa ndiyo sentensi ndefu pekee tuliyoweza kuisema sote wawili. Yeye aliisema vizuri kunishinda. Mimi hupotea katikati nikifikiria mambo.

Ukiisema sala hiyo asubuhi mia moja unaanza kuona haina bei. Nilitafuta, maana ni tabia yangu kutafuta. Kuna sharti moja tu, pale pa kusamehe, na hilo lilinigusa upande wa wifi, lakini hata hapo hakuna ninachoahidi kuacha. Yaliyobaki ni kuomba tu, tena kwa leo. Kesho haitajwi. Neno Profesa halitajwi. Nilikerwa na hilo siku nyingi. Nilikuwa nasema "utakalo lifanyike" kwa meno yaliyokazana, na sitadai kwamba yamelegea.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mwezi wa nne au wa tano wa kusali hivyo. Tulifika pale panapoombwa chakula. Nikasema, "Utupe leo," naye akasema, "Utupe leo," nikaendelea peke yangu maneno mawili matatu kabla sijagundua kwamba yeye ameacha. Alikuwa ameinua mkono wake mzima kunisimamisha.

"Leo," akasema.

Nikangoja. Midomo yake ilikuwa inahangaika, ikashika kitu, ikakipoteza.

"Leo. Ta." Akafumba macho. "Tafi."

Sikupiga kelele. Nilikuwa naogopa hata kusogeza kiti. "Tafi?" nikamwuliza, na akanitazama kwa zile nyusi, moja yenye kovu, nyusi za fundi aliyeulizwa swali ambalo ameshalijibu.

"Tafi."

Nikaacha sala bila amina, nikatwaa kikapu. Sikuwa nimefika kwenye meza za samaki tangu aanguke. Tulikuwa tukila mayai na maharage. Muuzaji aliponiona alipangusa mikono kwenye msuli wake wa kiunoni mara mbili. Akaniuliza habari za Fundi. Nikamwambia amesema anataka tafi. Akainamisha kichwa, akachagua wanne wanono, akaanza kuwafunga, akasema nichukue tu. Nikakataa. Nikamwambia ataje bei. Akataja. Nikasema, "Punguza," kwa sauti nyembamba ya mhariri wa vitabu vya shule.

Akanitazama kwa huruma. "Si hivyo, Bi Fundi," akasema. "Fundi hushika kifua."

Meza ya pili wakacheka, na ya tatu. Sikushika kifua. Yeye aliapa kidogo kwamba nyumbani kwake hakujapikwa, akamfungua samaki mmoja, akamfunga tena, macho yake yakiwa mekundu, kisha akapunguza. Nikirudi nilipita uani, mwenye nyumba akaniita kuuliza nimebeba nini, nikamwambia, akaniuliza kama ni kwa sababu ya nadhiri. Nikamwambia hapana, Bi, ni kwa sababu ya tafi. Mbuzi alikuwa amelala kwenye kivuli cha ngazi, nikamruka.

Niliwapaka samaki chumvi na ndimu, nikawakaanga. Nilikuwa nimechanganyikiwa kwa furaha, na kila nilipochungulia sebuleni kumtazama nilisahau niliishia wapi. Nikampakulia. Akatafuna polepole upande mmoja, akitoa miiba kwa ulimi kwa ustadi ambao kiharusi hakikuugusa.

Hajaniita Profesa, hadi ninapoandika haya. Ana maneno kumi na moja sasa, na hilo halimo. Kila asubuhi nakuwa nalitaka, na siku nyingine nasema hivyo kwa sauti kubwa kwenye ngazi, bila kuweka kitu pembeni yake.

Siku ile, alipomaliza samaki wa kwanza, nilimwuliza, "Vipi?"

Akaisogeza sahani kidogo, akanitazama. "Punguza," akasema.

Nikakata kipande, nikaonja. Chumvi ilikuwa imezidi kweli.